Chokaa Niliyompaka Maksai wa Jirani

Mchungaji, wazee wa usharika, akina mama na vijana, nashukuru kupewa nafasi hii baada ya matangazo. Sikuja kupewa pole. Nimekuja kuweka kumbukumbu sawa, kwa sababu hapa Ubaruku, na hata Mbeya mjini, inasemwa kwamba kile kitambaa cha amani kiliharibika kwa kuwa wasanii wa Iringa walitumia rangi feki. Ndugu zangu, huo ni uongo, na unaniudhi. Unaniudhi zaidi kwa sababu mwenye kosa ninamfahamu. Ni mimi.

Mnakumbuka mradi ule ulivyokuwa. Wasanii walisafiri na kitambaa kirefu cha turubai. Kila kijiji kilichora kipande chake kuhusu amani, kikashonewa kwenye vya waliotangulia, na safari ikaendelea hadi kwenye maonyesho ya Mbeya. Zamu yetu ilipofika, mlinichagua mimi, mtendaji wa kata mstaafu, kuwa mwenyeji. Wasanii walilala kwangu. Nilifyekesha uwanja na kupaka chokaa mawe ya njiani, kama tulivyozoea kila alipokuja mgeni wa serikali.

Kisha nikaelekeza kwamba tuchore njiwa weupe. Mzee mmoja wa skimu ya umwagiliaji akanijibu mbele za watu: "Mtendaji, ndege tunayemjua hapa ni kwelea kwelea. Huyo njiwa wako akitua kwenye mpunga wangu, namfukuza kwa debe!" Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Jioni hiyo mama mmoja wa familia ya wafugaji, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, alichora maksai mwenye baka jeupe usoni na doa jekundu begani. Nilimtambua palepale.

Maksai huyo alikufa shambani kwangu. Aliingia kwenye mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Vijana walionilindia shamba walikuwa na mikuki, nami nikasimama kwenye tuta nikapaza sauti: "Mchomeni!" Mkuki ukampata begani. Baadaye nilitamka barazani kwamba vijana walijichukulia sheria mkononi. Kauli hiyo naifuta leo mbele yenu. Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikusalimiana, na mtu asiyesalimiana na jirani yake ndiye mliyemkabidhi amani aikaribishe.

Alfajiri, kabla wageni walioalikwa kukitazama kitambaa hawajafika, nilichukua chokaa ya mawe iliyobaki kwenye ndoo nikampaka maksai yule mpaka akatoweka. Wasanii walipouliza, nikajibu kwamba kamati imeamua. Hapakuwa na kamati. Mama yule alipatazama pale palipokuwa peupe, akakaza kitenge chake kiunoni, akaenda zake.

Huko Mbeya nilipewa heshima ya kukunjua kipande chetu. Nawaambieni, chokaa haishiki kwenye kitambaa kinachokunjwa. Ilibanduka magamba magamba, ikaangukia viatu vyangu, na maksai akajitokeza mbele ya ukumbi mzima. Sauti ikatoka nyuma: "Rangi feki hizo!" Binti aliyewaongoza wasanii alinitazama. Alijua. Nikanyamaza, naye akabeba lawama yangu.

Hapo ndipo nilipoitazama picha ile kwa mara ya kwanza. Maksai alikuwa na nira shingoni. Nyuma yake palikuwa na plau, na aliyeishika plau alikuwa mzee aliyevaa kofia ya pama. Kofia hiyo mnaijua. Ninayo hapa mkononi. Kabla ya ugomvi, majirani wale walikuwa wakiniazima maksai wao wawili kulimia shamba langu. Mama yule alikuwa amechora siku tulipolima pamoja. Mimi niliona doa jekundu tu, plau sikuiona.

Mama yule naye alikuwa amekuja Mbeya, amesimama karibu. Nikamwendea. "Mama, chokaa ile ni yangu."

"Najua, Mtendaji. Ulipokuwa ukipokea wageni, mikono yako ilikuwa myeupe."

"Na mkuki nao ni wangu. Nilisema mchomeni."

"Hilo tulilisikia kutoka ng'ambo," akasema. "Tulikuwa tunangoja ulisikie wewe. Haya, futa iliyobaki."

Nilifuta kwa leso yangu, watu wakitazama, bila kumweleza hata mmoja sababu. Deni hilo la maneno ndilo ninalolipa leo.

Tuliporudi nilivuka mfereji pamoja na wazee wawili. Mume wa mama yule alitupokea kwa maziwa mgando, akasikiliza hadi mwisho. "Maneno tumeyapokea, mzee mwenzangu," akasema. "Lakini nira inataka wawili, na aliyebaki ni mmoja." Nikaenda kutafuta maksai kijana, nikampeleka kwao.

Namshukuru Mungu, na nyumba ile iliyoniachia mlango wazi. Namshukuru binti wa Iringa, aliyenyamaza ili nijisemee mwenyewe, nami nikachelewa. Ninyi mnaokwenda Mbeya, wapelekeeni habari kamili: rangi zilikuwa nzima. Na atakayekaribisha amani baada yangu, asianze na mawe ya njiani. Avuke mfereji kwanza.

Maksai yule kijana bado hajaizoea nira. Wakilima kwangu, anamvuta mwenzake pembeni. Ninyi mnaonijua kwa mistari iliyonyooka, mkipita shambani kwangu msimu huu mtaona matuta yamepinda toka mwanzo hadi mwisho. Nimekataza yasirekebishwe.