Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza Upande

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mpiga picha mkuu wa chumba cha altrasaundi katika kitengo chetu cha uzazi atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Nimezihakiki tarehe hizo mara mbili kwenye faili lake, kwa sababu yeye mwenyewe angeniuliza nimezitoa wapi.

Hapa kazini ni Mama Upande. Mganga mkuu humwita hivyo, walinzi wa getini humwita hivyo, na kina mama wanaorudi na mimba ya tatu huuliza mapokezi kama Mama Upande yupo leo.

Alianza kama karani wa masjala, akipanga kadi za wajawazito. Miaka miwili baadaye alipelekwa kusomea upigaji picha, na tangu hapo hakuamini tena kitu kabla hajakikagua. Fundi aliyekuja kurekebisha mashine alisimamiwa mpaka akakosa raha. Daktari akisema mimba ni ya wiki kumi na nne, yeye hupima upya, kisha humwambia kwa upole, "Hesabu yako nzuri, daktari, ila mtoto haijui."

Si kila mtu alifurahia. Muuguzi mmoja aliwahi kulalamika mbele yetu wakati wa chai: "Huyu mama ukimwambia habari za asubuhi, atachungulia dirishani kwanza." Mama Upande alicheka kuliko sote, kisha akachungulia.

Jina lake lilitokana na swali. Kila mtoto alipoonekana kwenye picha akinyonya kidole gumba, aliuliza: cha upande gani? Jibu aliliandika kwenye daftari lake la jalada gumu, mstari kwa mkono wa kulia, duara kwa wa kushoto. Daftari la kwanza lilijaa, likaja la pili, mpaka yakafika sita.

Hakuagizwa na mtu. Binti yake wa kwanza alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na mama mkwe akawa anamfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula. Lawama bibi huyo alimtupia mkwewe, Mama Upande: "Mtoto kazaliwa mzima. Wewe na kumpakata vibaya ndio mmempinda." Mama Upande hakubishana. Alikwenda kazini kutazama watoto ambao hawajapakatwa na mtu yeyote.

Alichokiona, wengine wamekiona pia katika nchi mbalimbali. Kufikia wiki ya kumi hivi, kijusi huwa tayari kinarusha mkono mmoja kuliko mwingine, na wengi huupendelea wa kulia. Wakati huo sehemu ya ubongo itakayokuja kuiongoza mikono bado haijaungana na uti wa mgongo. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanashuku kwamba tofauti ya kulia na kushoto huanzia kwenye uti wenyewe, ambako jeni za upande mmoja hazifanyi kazi sawa na za upande wa pili. Baadaye ubongo nao hujigawa kwa namna yake. Baadhi ya mikunjo yake hujitokeza upande wa kulia wiki moja au mbili kabla ya kushoto. Yote hayo hutokea gizani, bila bibi wala mwalimu.

Nililetwa katika kitengo hiki miaka miwili iliyopita kusimamia utafiti wa hospitali kuhusu jambo hilo hilo, na nikakabidhiwa madaftari sita. Niliyasoma siku tatu na sikuyapenda. Mwandiko ulikuwa safi mno, na ukurasa usio na neno lililokatwa hunitia wasiwasi. Kisha nikafika daftari la nne. Kwa kawaida, katika kila watoto kumi, duara lilikuwa moja. Kwa miezi saba mfululizo maduara yalikuwa tisa. Mwezi wa nane yakarudi kuwa moja, kama vile hakuna kilichotokea.

Niliamini kwamba mtu aliyeumizwa kwa ajili ya binti yake alikuwa amejitengenezea ushahidi. Nilimwandikia mkuu wa kitengo barua nikipendekeza madaftari yote sita yatupwe nje ya utafiti. Nakala zikagawiwa kwa wafanyakazi wote, kama utaratibu unavyotaka. Sikumwuliza yeye kwanza.

Alisoma nakala yake amesimama koridoni, akaikunja, akaja mezani kwangu. "Umeandika vizuri, binti. Sasa niambie, mwongo gani anadanganya miezi saba halafu anachoka?"

"Aliyeogopa kukamatwa," nilimjibu.

"Haya. Twende tumkamate."

Tulianza na faili za matengenezo. Mwaka ule bomba lilipasuka juu ya dari, na kazi ya picha ikahamishiwa chumba kidogo mwisho wa korido kwa miezi saba. Kifaa anachopitisha mpiga picha tumboni kina alama ndogo ubavuni, ambayo hutakiwa kuelekea kulia kwa mama. Ukiigeuza, picha nayo inageuka, kulia inakuwa kushoto. Katika chumba cha zamani, kulia kwa mama kulikuwa upande wa sinki, na Mama Upande, kwa mazoea ya miaka, alikuwa akiielekeza alama kwenye sinki bila kufikiri. Katika chumba kile kidogo kitanda kilikaa kinyume, sinki likawa kushoto kwa mama. Alama iliendelea kufuata sinki. Ukubwa wa mtoto na mapigo ya moyo havibadiliki kwa kosa hilo, kwa hiyo hakuna aliyeligundua.

Maelezo hayo yalikuwa mazuri mno, nami sikuyaamini. Sinki anaweza kulikumbuka mtu yeyote. Nilitaka mikono.

Watoto wa miezi ile sasa wana miaka kumi na miwili. Tuliwaandikia wazazi wao kuomba ridhaa, na kwa Jumamosi tatu wakaja watoto arobaini na mmoja. Mama Upande nilimkataza kuingia chumbani, akakaa koridoni na mlinzi. Niliwapa watoto mpira warushe, mkasi wakate karatasi, kitana wachane nywele. Msichana mmoja alinikazia macho. "Dada, mtihani gani huu? Mbona hutazami nilichochora, unatazama mkono tu?"

Arobaini walitumia mkono ulio kinyume na daftari. Mtu anayebuni hawezi kukosea kwa unyoofu kiasi hicho, tena kuhusu mikono iliyokuwa bado haijashika kitu.

Nilitoka kumpa habari nikidhani atashangilia. Aliuliza, "Na yule mmoja?" Nilimweleza kwamba mkono wa huyo ulilingana na daftari, na kwamba wapo watoto wanaonyonya kidole cha kushoto tumboni na bado wakakua wakitumia kulia. Akauliza tena, "Umemrushisha mpira mara ngapi?" Ilibidi nirudi kuhesabu.

Kuna jambo moja sijalimaliza naye. Chini ya kila ukurasa wa miezi ile saba kuna nukta ndogo ya penseli. Nilimwuliza aliiweka lini, akasema penseli haina tarehe. Nashuku alijua siku nyingi kwamba kurasa zile zina kasoro, akawa anangoja mtu atakayejisumbua kuhesabu maduara. Amekataa kukubali, na amekataa kukana.

Utafiti umeyapokea madaftari yote sita. Kurasa za miezi saba hazikusahihishwa, kwa sharti lake mwenyewe. Karatasi ya maelezo imebandikwa mwanzoni mwake, na sahihi ni mbili, yake na yangu.

Barua yangu ilisomwa na watu wale wale wanaosoma jarida hili la wafanyakazi, kwa hiyo naifuta hapa, mbele yao. Nilimshuku mtu aliyetutangulia sote katika kujishuku mwenyewe, na nilifanya hivyo bila kumpa hata dakika tano za kujieleza. Naomba radhi.

Mama, kitengo chote kinakushukuru. Ukapumzike ukiwa na afya tele, na siku zako za mbele ziwe nyingi na nyepesi.