Mizani ya Kaptini Badr

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Leo tunamkumbuka Badr Yaqoub wa Chumbageni, rubani wa ndege ndogo. Ndiye huyo huyo Badr aliyefanya nusu ya Tanga ijue kilo za nusu nyingine.

Ndege yake ilianguka wiki sita zilizopita, dakika mbili tu baada ya kuruka kutoka kiwanja cha vumbi katikati ya pori. Alikuwa peke yake. Alikuwa amemshusha muuguzi Praxeda na sanduku la chanjo, anarudi nyumbani. Chanzo bado kinachunguzwa.

Sasa tuje kwenye mizani. Ndege ndogo haibebi kwa kukisia. Uwanjani Tanga, kila abiria alipanda mizani, yeye na begi lake, naye Badr akasoma kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Themanini na tatu! Andika!" Uwe shekhe, uwe bwana harusi, utasomwa tu.

Praxeda anacheka akikumbuka. "Alinipima mara tatu wiki moja. Nikamwambia, Kaptini, mimi si gunia la nazi! Akanijibu, gunia lina nafuu, dada, halibishi."

Mtu mmoja tu alimshinda: mama yake, Bi Mwanamkasi. Badr alimwahidi kumrusha aione Moa, alikozaliwa, kutoka juu. Mama alitamani, jamani, alitamani sana. Lakini kupimwa mbele za watu?

"Shikamoo mama. Mizani inakusubiri."

"Marahaba. Na isubiri. Kilo zangu n'zijue mimi na Mola wangu."

Mwisho mama akalegeza kamba, akamwahidi mwanawe: akipungua kidogo, atapanda. Hakumwambia mtu mwingine, ila binti yake Nihal aligundua. Miezi mitatu mama alikunywa chai ya jioni bila vitumbua! Badr alifariki mama akiwa bado anapungua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Siku ya arobaini, baada ya khitma, wenzake Badr walileta mizani nyumbani. Wakaiweka barazani, watu wamejaa. Bi Mwanamkasi akainuka, akavua kandambili, akapanda. Akasoma mwenyewe, kwa sauti ile ile ya mwanawe: "Sabini na nane! Andika!"

Kina mama walicheka huku wakijifuta machozi kwa kanga. Yeye akamgeukia Nihal. "Andika, mwanangu. Halafu n'tafutie rubani. Kaka'ko n'lim'ahidi."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa pole kwa Bi Mwanamkasi, kwa Nihal na kwa ukoo mzima wa Chumbageni. Mwenyezi Mungu amrehemu Badr Yaqoub, rubani wetu. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu anakungoja, nawe unasema mpaka nipungue kidogo, mpaka nijiweke sawa, mfikirie leo. Nenda hivyo hivyo ulivyo, na kilo zako zote.