Bi Subiri na Mteremko wa Wafyatua Matofali

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwezeshaji wetu mkuu wa warsha za hifadhi ya ardhi atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo ni yangu mimi, karani wa masjala, niliyekaa naye chumba namba sita kwa miaka kumi na tisa, meza zetu zikitazamana kama wachumba waliogombana. Yeye mwenyewe ukimuuliza amefanya kazi miaka mingapi, atakuomba ukae kwanza, kisha ataanza kukueleza hali ya hewa ilivyokuwa siku aliyoripoti.

Jina lake la kwenye faili lipo, nami nimelitunza vizuri, ila halina kazi sana. Kila aliyewahi kumwambia afupishe alijibiwa kwa neno moja: subiri. Wakurugenzi wanne wamejibiwa hivyo, na wote wanne walisubiri. Ndipo akawa Bi Subiri. Mwanzoni alinuna, baadaye akalipenda, hata akaliandika kwa rangi ya kucha kwenye kikombe chake ili watu wa chumba namba saba wasikichukue. Waliendelea kukichukua.

Hakuajiriwa kuongea. Aliajiriwa kama mpiga chapa, na kwa miaka miwili ya mwanzo sauti iliyosikika kutoka mezani kwake ilikuwa ya mashine tu. Siku moja akapelekwa kuandika muhtasari wa mkutano katika ukumbi wa shule, ambako mtaalamu wetu wa udongo alikuwa anawafundisha wakulima habari za mmomonyoko. Mtaalamu alikuja na michoro kumi na minane na fimbo ya kuonyeshea. Alipofika mchoro wa sita, safu nzima ya nyuma ilikuwa imelala, na mzee mmoja alikuwa anakoroma kwa adabu, taratibu. Kwenye mchoro wa tisa koo likamkauka mtaalamu, akatoka kutafuta maji.

Mpiga chapa wetu akabaki na watu arobaini wanaomtazama. Hakujua afanye nini, basi akawaambia habari za jiko la bibi yake. Korongo lilianzia mbali, nyuma ya banda la kuku. Msimu wa kwanza wa mvua likala banda. Msimu wa pili likala uchanja wa vyombo. Bibi akasogeza mafiga hatua tatu. Mwaka uliofuata, hatua tatu tena. Alirudi nyuma na sufuria zake mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anapika chumbani, ameketi kitandani. Na wajukuu wakimuuliza, bibi alijibu kwamba siku hizi anapenda tu kupika karibu na kitanda.

Watu walicheka. Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akasema kwamba hata kwake choo kimehamishwa mara mbili, na alikuwa anaona aibu kusema. Aliyekuwa anakoroma akaamka na la kwake. Mtaalamu aliporudi na glasi yake ya maji, alikuta ukumbi mzima unaongea kwa pamoja kuhusu udongo, bila mchoro hata mmoja. Kwa sifa yake, aliweka fimbo chini, akakaa, akasikiliza. Muhtasari wa mkutano huo ninao masjala. Ukurasa wa kwanza umepigwa chapa safi kabisa. Kuanzia wa pili hadi wa saba kumeandikwa kwa mkono: "Watu wanaongea."

Tangu hapo akawa mtu wa warsha. Utaratibu wake unajulikana. Siku ya kwanza hakuna kutaja ardhi. Kila mmoja anasimulia mahali anapopajua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Siku ya pili wanaulizana katika masimulizi hayo nani alifanya kitu na nani alitazama tu. Siku ya tatu wanachagua wa kuwaongoza kuitunza ardhi yao, na hapo ana msimamo mkali: hataki achaguliwe anayejua kuongea. Huwauliza watu, kwenu kitu kikiharibika saa sita mchana, mnamkimbilia nani? Huyo ndiye. Mara nyingi mwenye jina hilo huwa amekaa karibu na mlango, anajiandaa kutoroka.

Sasa, tukisema ukweli kwa upendo, warsha za siku tatu za Bi Subiri zilichukua siku nne. Chai ya saa nne ilinywewa saa sita. Projekta aliyopewa na ofisi aliibeba kwa uaminifu kwa miaka minane, akiitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Na ripoti zake! Fomu yetu ina sehemu ya kujaza matokeo yanayopimika. Mwaka mmoja alijaza: "Wamecheka mara tatu, wamelia mara moja, bwana mmoja ameomba msamaha kwa shemeji yake." Mkurugenzi akairudisha na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Bi Subiri akaongeza jina la shemeji.

Nisingependa wageni wadhani tunamuaga mtu wa vichekesho tu. Basi nieleze habari ya mteremko, naye ameniruhusu. Kwa nini ninataja ruhusa, mtaelewa.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na tatu kazini. Kulikuwa na mtaa uliokaa juu ya mteremko: juu kabisa mashamba, katikati nyumba na shule ya msingi, chini wafyatua matofali. Hao wa chini walikuwa wanachimba udongo kwenye mguu wa mteremko, na nyuma ya madarasa ya shule ulikuwa umetokea ufa wa upana wa kidole, unaokwenda kama mstari wa rula. Kila mtu aliuona. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu.

Siku ya pili ya warsha, Bi Subiri alinogewa. Akasimulia kisa cha bwana mmoja ambaye hatamtaja, aliyechimba chini ya jirani yake hadi asubuhi moja akaletewa kitanda cha jirani, jirani mwenyewe akiwa bado amelala juu yake. Ukumbi ukavunjika mbavu. Shingo zote zikageukia dirishani, alipokaa fundi mkuu wa matofali, mtu mrefu, kofia yake gotini. Fundi akasimama, akavaa kofia.

"Mama, umekuja kutusikiliza au umekuja kunichezea?"

Akatoka, na wafyatua matofali kumi na mmoja wakamfuata. Jumatatu walikuwa wanachimba kwa zamu mbili. Mwisho wa wiki ile ufa uliweza kumeza mguu wa mtoto.

Ofisini afisa ardhi alitaka waende askari wakafunge machimbo. Bi Subiri akaomba wiki mbili. Akapewa moja, akachukua mbili. Asubuhi ile alikaa mezani kwake akalia, na mimi, niliyekuwa mgeni kazini, nilijifanya natafuta faili kabatini hadi ilipopita. Sikuwa natafuta faili lolote. Nadhani alijua.

Akaenda nyumbani kwa fundi. Siku ya kwanza fundi alikataa kutoka ndani. Mama yake mzazi akamtolea mgeni kigoda. "Kaa, mwanangu. Ana hasira, lakini kazi itamtoa." Siku ya pili kazi ikamtoa, akapita mbele ya Bi Subiri kama anayepita mbele ya ndoo. Siku ya tatu Bi Subiri akasimama njiani.

"Baba, nimekosa," akamwambia. "Nimechukua habari yako bila kukuomba, halafu nimeisimulia vibaya."

Fundi akamtazama mikono, laini kwa karatasi, akampa kalibu ya kufyatulia. "Fyatua. Ukifika mia tutaongea."

Dereva wetu, aliyekuwa akimpeleka, ni shahidi: matofali yale yalifanana na mikate iliyokaliwa. La kumi lilikuwa na pembe tano. Alipofika la thelathini na saba, fundi akashindwa kuvumilia, akacheka hadi akajishika kiuno, akamnyang'anya kalibu kabla hajaharibu udongo wote. Wakakaa juu ya rundo. Hapo ndipo akasema.

Alikuwa na shamba juu kule, la baba yake. Mvua za misimu miwili zililiondoa lote, kwa kuwa kila mtu juu alilima matuta ya kufuata mteremko, maji yakapata njia. Udongo ukashuka, ukaja kujaa hapa chini.

"Watu wanasema nachimba cha wenzangu," akamwambia. "Mimi nachimba shamba la baba yangu. Nimelifuata lilikokwenda."

Bi Subiri akamuuliza kama angeweza kuwaambia watu hayo mwenyewe. Akajibu hapana. Naye, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakubembeleza. Alishukuru, akanawa mikono, akaondoka.

Wiki iliyofuata warsha ilipoitishwa tena, wafyatua matofali walikuja. Fundi hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama mlangoni, dakika tano, huku akiangalia sakafu. Hakuna aliyecheka. Halafu mkulima mmoja wa juu, mama mwenye shamba kubwa kuliko wote, akasema polepole, "Basi ni mimi ninayekuletea huo udongo. Matuta yangu yote yanatazama kwako."

Siku ya tatu walipoulizwa wanamkimbilia nani kitu kikiharibika, walimtaja fundi. Akakataa. Wakamtaja tena, akakataa tena. Mara ya tatu mama yake alikubali kwa niaba yake, kutoka viti vya nyuma, na mkutano ukafungwa kabla hajapata la kusema.

Machimbo yakahamia kwenye tambarare ng'ambo ya barabara. Wakulima wakageuza matuta yakate mteremko, na wafyatua matofali, wenye sepetu na mabega, wakawachimbia makinga maji. Ufa ukafukiwa na kupandwa nyasi za mizizi mirefu. Msimu uliofuata mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Bi Subiri alizimaliza siku hizo amesimama dirishani chumba namba sita, akinizuia nuru, nami nikawasha taa. Siku ya kumi watu wa mteremko walipiga simu. Makinga maji mawili yalikatika, na choo kimoja kimeinama hadi leo. Shule ilikuwa imesimama, na watoto walikuwa wanasoma.

Baada ya hapo, karatasi ya kwanza kubandikwa ukutani katika kila warsha yake imekuwa hii, kwa mwandiko wake wa kupanda na kushuka: habari ya mtu inaombwa kwa mwenyewe kwanza. Nilimwomba nami kabla ya kuandika haya. Alikubali kwa sharti kwamba nisiyapunguze yale matofali yenye pembe tano.

Leo kuna vikundi hamsini na viwili vya hifadhi ya ardhi vilivyozaliwa katika warsha zake, na zaidi ya nusu vinaongozwa na watu waliokuwa wamekaa karibu na mlango. Amewafundisha wawezeshaji tisa. Wote tisa wanachelewesha chai.

Dereva naye hawezi kusahaulika. Kwa kuwa alikisikia kisa cha jiko la bibi mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe, mwaka fulani Bi Subiri alipopotewa na sauti kwa mafua, alisimama yeye akakisimulia chote. Alimpa bibi sauti, akamwongezea paka. Ukumbi ulipiga makofi na kuomba arudie. Bi Subiri hakumsemesha kwa siku mbili, na ingawa alisema ni mafua, sauti ilikuwa imerudi, kwa sababu mimi alinisemesha sana, kuhusu yule paka.

Mume wake, fundi cherehani, amekuwa akimsubiri kwa uvumilivu miaka yote hii. Alikuja ofisini wiki iliyopita kupima ukubwa wa masanduku ya vitabu, akatuuliza kwa sauti ya chini kama kuna uwezekano wa kumwongezea mkataba, hata wa nusu siku. Mabinti zao wawili, mmoja nesi na mwingine mwalimu, wameshagawana wiki za kumpokea, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyezaliwa na subira zaidi.

Tumepata fununu kwamba hata likizo ya kumalizia utumishi haijamtuliza. Nyuma ya nyumba yao kuna mtaro ambao majirani saba wamekuwa wakitupiana lawama kwa muda mrefu. Jumamosi iliyopita alipanga viti uani, akawaita wote saba, akamwomba wa kwanza aeleze mtaro ule ulikuwaje alipohamia pale. Walianza saa tatu asubuhi. Mume anasema adhuhuri walikuwa kwa jirani wa nne, wawili wameshapeana mikono, na hakuna aliyekuwa ametaja koleo.

Dada yetu, mlezi wetu, asante kwa miaka uliyotupa, kwa mliyoyafanya wewe na watu wa mteremko, na kwa kutufundisha kunyamaza mwenzetu anapoongea. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, wajukuu wengi wa kuwachosha kwa maneno, na majirani wasio na haraka. Uende kwa amani, uishi vizuri, na mlango wa chumba namba sita utaukuta wazi.