Siku Tatu za Kuiona Nairobi

Ndani ya basi la Loresho, mgeni kutoka Nyahururu alimwambia jirani yake kwamba amekuja kwa siku tatu tu, aone makumbusho na twiga. "Lakini dada yangu akisikia nimelala hoteli, hatutaongea tena."

"Na ukilala kwake?" aliuliza jirani, mama wa Kihindi aliyejitaja kuwa Jashoda.

"Nitaona Nairobi kwa dirisha. Ijumaa maombi, Jumamosi chama cha akina mama, Jumapili kanisani nisimamishwe niwapungie watu mkono."

Jashoda alicheka. "Mimi nilienda Kisumu kuona ziwa, nikalala kwa binamu ya mume wangu. Nikaona jikoni tu! Wacha woga, mama. Shuka na mimi Westlands, nikupeleke Parklands. Karibu na hekalu letu kuna vyumba safi, na hawapiki nyama. Dada yako hawezi kukutafuta huko."

"Mama Ndungu wa kwaya? Huyo atanitafuta hata mbinguni."

Mimi niliyeketi nyuma yao nilishtuka. Mama Ndungu wa kwaya ndiye ninayemfanyia kazi, na nyama aliyonituma ya kumpikia mgeni wake, kilo tatu, ilikuwa mapajani mwangu. Nikaisukuma chini ya kiti, nikatazama nje.

Basi likasimama Westlands. Mgeni akainuka na begi lake. Simu yake ikalia, akaitazama tu. Ilipokatika, ikaanza kulia yangu.