Ndugu Niliowaficha Kwenye Fomu ya Mkopo

Ndugu zangu wanakikundi, nimeomba nisimame kabla maombi ya mikopo hayajasomwa, maana wapo humu wanaotaka kukopa kama nilivyokopa mimi.

Mnajua nakoboa kahawa Muleba. Watu wangu wanne niliwatoa Ngenge, na kila mmoja nilimwajiri kwa kutafuna naye kahawa, kama wazee wetu walivyofunga undugu. Nikajiambia ndugu haandikiwi mkataba. Ulikuwa uchoyo tu, jamani.

Nilipoomba mkopo wa mashine kubwa, fomu iliuliza nina wafanyakazi wangapi. Mishahara na michango ya kisheria ingepunguza kiasi cha kukopeshwa. Nikaandika: sina, nasaidiwa na ndugu. Nikapewa mkopo mnono, dhamana ikawa kibanja, shamba letu la migomba alikozikwa baba.

Marejesho yakanibana, nikawafanyisha kazi hadi wakasinzia wamesimama. Mtu wa chama cha wafanyakazi alipokuja kuwaandikisha, nilimfukuza. Wiki hiyohiyo mkanda wa mashine ulimnasa mmoja wao mkono wa kulia. Hospitali wakaukata juu ya kiwiko. Na mimi, naona aibu kusema, nilimpelekea mkungu wa ndizi nikamwambia asirudi kazini.

Chama kikanipeleka kwenye tume ya usuluhishi. Nikajitetea kwamba hatukuwa na mkataba. Nikajibiwa kuwa sheria inaangalia kazi aliyoifanya, si karatasi niliyokataa kuiandika. Nikaamriwa kumlipa fidia. Mashine ikauzwa, deni halikuisha, wakopeshaji wakabandika tangazo la kuuza kibanja.

Ndugu zangu, nawaambia, aliyeniokoa ni yule mtu wa chama niliyemfukuza. Alitukalisha mimi na majeruhi, akamuuliza kama angekubali kulipwa kidogo kidogo kila msimu. Majeruhi akanigeukia.

"Kibanja kikiuzwa, baba yako atalala kwa nani?" akaniambia. "Nitasubiri. Ila uandike kwamba nilikuwa mfanyakazi wako."

Nililia, nikaandika. Kwa makubaliano hayo wakopeshaji wakaniongezea muda.

Leo nina mkopo mdogo, na kwenye fomu nilianza na mishahara ya watu wangu. Nanyi mkijaza, anzeni hapo. Nawashukuru nyinyi mlionidhamini kwa mkopo huu, nakishukuru chama, namshukuru yeye aliyekatwa mkono. Siku hizi ndiye mtunza ghala wangu. Kila asubuhi ananikabidhi ufunguo kwa mkono wa kushoto, na kila asubuhi ananiomba radhi kwa kunipa kwa kushoto. Nimemsihi aache. Bado anaomba.