Bi Volti, Aliyeupigania Mtambo wa Hidrojeni

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wake wa mwisho, anayesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye kiwandani na mtaani mlimwita Bi Volti.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, nyuma ya kiwanda cha mbolea, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkunga, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, ambako majaribio yake yaliliweka gizani bweni zima, akahitimu uhandisi mwaka 1987 na kuajiriwa kiwandani hapohapo, kwenye mtambo unaotenganisha maji kwa umeme ili kupata hidrojeni.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, ambaye mpaka leo analalamika kwamba alimposa mara tatu, kwa kuwa mara mbili za mwanzo mwenzake alikuwa anasoma mita, na wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 uongozi uliamua kuufunga mtambo na kuwaachisha kazi watu wake wote, ukidai kwamba volti zimepanda, kwa hiyo seli, yaani vile vyumba vidogo ambamo maji hutenganishwa, zimechakaa. Dada alishikilia kwamba seli ni nzima, ila vipimo huchukuliwa Jumatatu asubuhi, mtambo ukiwa ndiyo kwanza umewashwa, na seli ikiwa baridi hudai volti nyingi hata kama ni mpya. Wakamwona king'ang'anizi, naye kweli alikuwa king'ang'anizi, akaunda kielelezo cha hesabu kinachokadiria volti kwa kufuata joto, mkondo wa umeme na umri wa seli, akaiambia bodi kwamba maji yakifika nyuzi sabini kila seli itashuka hadi volti 1.9, na isiposhuka yeye awe wa kwanza kufukuzwa. Tarehe 3 Agosti wote walisimama mbele ya mita, mumewe akiwa amefumba macho, maji yakapata moto, volti zikashuka taratibu, zikatulia pale pale aliposema, na chumba kikajaa vigelegele, mwenyekiti wa bodi naye akirukaruka na tai yake. Hakuna aliyepoteza kazi, na tulijivuna mno.

Mwaka 2022 aligundulika na saratani, akapambana nayo huku akiwakosoa wauguzi namna ya kusoma mashine zao, hadi tarehe 11 Mei 2023, alipofariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, ambao mnawaona hapa ni wachache, wala msiwalaumu, maana mwenyewe aliagiza kwamba mtambo usizimwe hata kwa mazishi yake, waje kumzika kwa zamu. Dada, seli walizotaka kuzitupa zinatoa hidrojeni saa hii tunapokusindikiza. Kazi umeimaliza, lala kwa amani.