Mzee Kaanaeli Nnko, Aliyezima Televisheni Kabla ya Mwisho

Mchungaji, ndugu, majirani wa Maji ya Chai na ninyi mliotoka Kimandolu asubuhi hii, poleni na asanteni. Familia imenichagua mimi Namnyaki, binti yake wa kwanza, nisome maisha ya baba. Wadogo zangu wanasema machozi yangu hayako karibu. Tutaona.

Marehemu Kaanaeli Yona Nnko alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Maji ya Chai, mtoto wa nne wa Mzee Yona Nnko. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Arusha, kisha mwaka 1974 akaingia chuo cha mifugo Tengeru. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa bwana mifugo, akapangiwa Oldonyo Sambu. Kazini hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimpapasa ng'ombe tumbo, akamtazama mwenye ng'ombe usoni, akasema, "Huyu Jumatano hafiki." Wafugaji walimheshimu sana, ingawa wapo waliosikia pikipiki yake wakaficha ng'ombe.

Huko Oldonyo Sambu alimpata mama yetu, Naeku, na wakafunga ndoa kanisani tarehe 10 Desemba 1983. Mungu akawajalia watoto watatu: mimi, Ezra na Peter. Mwaka 1990 walihamia Kimandolu, na mwaka 1995 baba akanunua televisheni na deki ya video. Hapo ndipo tulipogundua kwamba tuna baba wawili. Yule aliyewaambia wafugaji ukweli mchana kutwa, jioni akifika nyumbani hakuruhusu mtu yeyote afe sebuleni kwake.

Alipenda sana kuangalia filamu na sisi, na alikaa kiti cha karibu na swichi ya ukutani. Muziki ukianza kuwa wa huzuni, mkono wake unapanda. Kioo kinakuwa cheusi. "Umeme umekatika," anatangaza. Siku moja Peter akauliza mbona taa inawaka, akajibiwa kwamba taa ina umeme wake. Baada ya hapo baba alitusimulia mwisho yeye mwenyewe, na kwa baba kila mgonjwa alipona na kila aliyepotea alirudi, tena na zawadi.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja na farasi wake, wakivuka milima yenye theluji kurudi nyumbani. Kila mara farasi alianguka kwenye theluji, na kila mara umeme ukakatika. Kwa maelezo ya baba, farasi aliinuka, akafika, akastaafu, na sasa anachunga na punda wa bibi yetu, mama yake mama, kule Oldonyo Sambu. Tukienda likizo tulimtafuta. Bibi, ambaye hakuwahi kuona filamu hata moja, alitujibu bila kupepesa macho, "Mmepishana. Ameenda kunywa maji."

Vitabu navyo havikupona. Alitusomea kila jioni, lakini kitabu chenye mwisho mbaya alikibandika kurasa za mwisho kwa ugali. Mwaka 1998 mende wakala ule ugali, kurasa zikaachana, na Ezra akasoma peke yake habari za bibi kizee tuliyeambiwa ameolewa upya na anaishi vizuri. Alitoka mbio uani akilia, "Bibi amekufa!" Mama akaangusha sufuria na kupiga yowe. Kabla baba hajafika kutoka kazini, majirani walishapanga mabenchi na kuleta sukari. Bibi wa Oldonyo Sambu alipopata habari za msiba wake, alichouliza ni kama sukari imebaki.

Mimi nilimkasirikia baba nikiwa kidato cha pili, nilipojibu mtihani wa fasihi kwa mwisho wa baba na kupata sifuri. Alikwenda shuleni kunitetea. Alimwambia mwalimu, kwa adabu zote, kwamba aliyekosea ni mwandishi. Nilimwambia siku ile kwamba nikiwa mtu mzima sitamficha mtu mwisho wa jambo lolote.

Baba alistaafu mwaka 2013 akafuga mbuzi wake wachache. Januari mwaka huu wa 2024 alianza kuumwa tumbo. Daktari alituita sisi watoto pembeni, akatuambia ni saratani ya ini na imeshakwenda mbali. Tukarudi kitandani kwake na uso mkavu. Mimi ndiye niliyesema, "Baba, ni vidonda vya tumbo tu. Utapona."

Akanitazama usoni. "Namnyaki, nimepasua maini ya ng'ombe miaka thelathini na saba. Unanizimia televisheni?"

Nikamwambia kweli yote. Nililia mimi, yeye akanipa pole. Halafu akaomba aone ile filamu ya farasi.

Peter aliitafuta wiki nzima mpaka akaipata. Tulikaa wote sebuleni Kimandolu, baba kwenye kiti chake. Farasi akaanguka kwenye theluji. Baba akapaza sauti, "Zima! Peter, zima!" na mkono ukapanda ukutani wenyewe. Mama, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuingilia, aliinuka akaweka mgongo wake kwenye swichi. "Baba Namnyaki, leo hakuna umeme kukatika."

Farasi akalala pale muda mrefu sana. Kisha akainua kichwa, akasimama, akafika nyumbani.

"Kumbe alifika?" baba akauliza.

Ezra akasema, "Baba, si wewe uliyetuambia alifika?"

"Nilikuwa nawadanganya!" Akacheka mpaka tukamshika mbavu. Alipotulia alisema anaona uchungu kwamba kwa woga wake alitunyima sote kitu kizuri.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, nyumbani Kimandolu, pumzi yake ilianza kuwa ya mbali. Peter alishindwa, akainuka atoke nje. Baba alifumbua macho, akamwambia neno lake la mwisho: "Kaa. Haijaisha." Peter akakaa. Mama alimshika mkono ule wa swichi, nasi tukabaki pale naye mpaka alipotulia kabisa.

Marehemu ameacha mjane, Naeku, watoto watatu, wajukuu watano, na mbuzi saba ambao Ezra anaapa kwamba hawatachinjwa. Leo wajukuu wameniuliza babu yuko wapi. Nilitaka kuwaambia amekwenda Oldonyo Sambu, farasi amepata mwenzake. Nikawaleta hapa kaburini, waone.

Baba, hatukuzima. Tumekaa na wewe hadi mwisho, na ulikuwa mwisho mzuri. Sasa pumzika kwa amani.